UZI: Draiva za vizalishi vya namba nasibu vya maunzi, na kiwango cha ubora ambacho mwandishi wa draiva anakitangaza kwa kerneli

Mwanzisha uzi (Mtwara Mjini)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaanzisha uzi huu kwa sababu ya kompyuta ndogo za bodi moja ambazo vijana wetu wa Mtwara na Lindi wanazifunga kwenye mizani, kwenye pampu za maji na kwenye vituo vidogo vya hali ya hewa. Karibu kila mradi wa aina hiyo una hatua moja ambayo haizungumzwi: kifaa kinapowashwa kwa mara ya kwanza kinajitengenezea ufunguo wa siri, na kuanzia hapo kila taarifa inayotoka humo hutiwa saini kwa ufunguo huo. Tuchukue mizani ya chama cha msingi wakati wa msimu wa korosho. Uzito unaosomwa ghalani unatumwa kwenye seva ukiwa na saini ya kidijitali, na mkulima wa Tandahimba au Ruangwa analipwa kwa kufuata uzito huo. Saini hiyo ina maana pale tu ambapo hakuna mtu mwingine anayeweza kuukisia ufunguo, na ufunguo haukisiki pale tu ambapo namba zilizouzaa zilikuwa nasibu kwelikweli.

Kompyuta kwa maumbile yake haibahatishi, inafuata maagizo. Kerneli ya Linux (moyo wa mfumo endeshi, unaosimamia maunzi yote), tangu Theodore Ts'o alipoiandikia sehemu ya namba nasibu mwaka 1994, imekuwa ikiokota mambo yasiyotabirika kutoka pembeni: muda hasa ambao kitufe cha kibodi kimebonyezwa, muda ambao diski imejibu, muda ambao pakiti ya mtandao imeingia. Kompyuta ya ofisini ina mambo hayo tele. Bodi iliyofungwa ukutani kwenye ghala la Newala haina kibodi, haina diski inayozunguka, na mara nyingi haina hata saa yenye betri, kwa hiyo kila umeme unaporudi inaamka na tarehe ileile ya zamani na kupitia hatua zilezile kwa mpangilio uleule. Ni katika sekunde hizo hasa, tena siku ya kwanza kabisa, ndipo inapoagizwa itengeneze ufunguo.

Madhara yake yameshaonekana. Mwaka 2012 watafiti Nadia Heninger, Zakir Durumeric, Eric Wustrow na J. Alex Halderman walikagua funguo za umma za mashine zilizo kwenye intaneti nzima, na wakaweza kukokotoa funguo za siri za RSA za asilimia 0.5 ya seva za TLS (itifaki inayolinda mawasiliano ya intaneti) walizozifikia. Nyingi za mashine hizo zilikuwa vifaa vidogo vya mtandao. Ufunguo wa RSA unatokana na kuzidisha namba tasa mbili kubwa. Vifaa viwili vilivyoamka vikiwa na hali ileile vilichagua namba tasa ya kwanza iliyo sawa, kisha vikaachana kwenye ya pili, na hapo mtu akizichukua funguo zao mbili za umma na kutafuta kigawo chao kikubwa cha shirika, anaipata namba tasa ya kwanza kwa hesabu nyepesi sana, na siri ya vifaa vyote viwili inakuwa wazi. Miaka minne kabla ya hapo, Mei 2008, iligundulika kwamba mabadiliko yaliyofanywa kwenye OpenSSL (maktaba ya usimbaji) ya mfumo endeshi wa Debian yalikuwa yameacha chanzo kimoja tu chenye kubadilika, yaani namba ya mchakato, na kwa hiyo kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo kulikuwa na funguo 32,768 tu zinazowezekana. Mtu angeweza kuzitengeneza zote na kuzijaribu moja baada ya nyingine.

Dawa moja ya tatizo hili imo ndani ya chipu zenyewe. Chipu nyingi za siku hizi zina kizalishi cha namba nasibu cha maunzi, yaani sakiti inayosoma kelele za umeme za asili, kwa mfano mtetemo wa joto kwenye vipinzani au kuyumba kwa mapigo ya sakiti za mviringo zinazojiendesha zenyewe, na kuzigeuza kuwa biti. Lakini kerneli haiwezi kuitumia sakiti ambayo haina draiva, yaani programu ndogo ya kuiendesha. Nimeona bodi zikiuzwa zikiwa na kizalishi ndani, huku picha ya mfumo endeshi iliyotolewa pamoja nazo haina draiva yake, na mafundi hawajui kwamba kitu hicho kipo.

Sasa niingie kwenye draiva yenyewe. Kwenye Linux, draiva hizi zinakaa kwenye saraka ya `drivers/char/hw_random`. Kuna kiini kimoja cha pamoja, na kila draiva inajaza muundo unaoitwa `struct hwrng` kisha kuusajili, kwa kawaida kwa `devm_hwrng_register`. Ukishasajiliwa, mtumiaji anaona `/dev/hwrng`, na kwenye `/sys/class/misc/hw_random` anaona orodha ya vizalishi vilivyopo na kile kinachotumika kwa sasa. Zaidi ya hapo, tangu toleo la 3.17 la mwaka 2014, kiini hicho kina uzi wake wa ndani ya kerneli unaoweza kusoma kutoka kwenye kizalishi na kumimina kwenye hazina kuu ya entropia (kipimo cha kutotabirika), ile inayolisha `/dev/random`, `/dev/urandom` na `getrandom`, njia ambazo programu huombea namba nasibu. Maana yake ni kwamba programu za kawaida hazihitaji kujua habari za maunzi hata kidogo.

Kazi kubwa ya draiva ni kazi moja, nayo ni `read`. Kiini kinakupa bafa (nafasi ya muda ya kuwekea data), kinakuambia ni baiti ngapi kwa upeo, na kinakuambia kama uko tayari kusubiri au la. Kama hukuambiwa usubiri na maunzi hayana kitu, rudisha sifuri uondoke. Kama umeambiwa usubiri, subiri, lakini kwa ukomo, maana draiva inayozunguka milele ikingoja chipu iliyokufa inaukwamisha uzi wa kerneli. Ukipata hitilafu, rudisha namba hasi ya kosa. Kamwe usirudishe baiti ambazo huna uhakika kwamba zimetoka kwenye sakiti, hata kama ni sifuri zilizobaki kwenye bafa.

Mambo ya kuwasha ni mafupi lakini yana uzito. Sakiti ya kelele inahitaji muda wa kutulia baada ya kupata umeme. Draiva ya `bcm2835-rng`, inayotumika kwenye Raspberry Pi za mwanzo, inaandika namba 0x40000 kwenye rejista (kisehemu cha chipu kinachoshika namba za kuiongoza) kabla ya kuruhusu kizalishi kianze, ili biti 262,144 za mwanzo zitupwe. Saa inayoendesha kizalishi nayo lazima iwashwe na draiva. Ikiachwa, kwenye chipu fulani rejista itasomeka tu, na itatoa thamani ileile kila mara bila kulalamika.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Ndani ya `struct hwrng` kuna sehemu inaitwa `quality`. Hiyo ni namba kati ya 1 na 1024, nayo inaieleza kerneli ni biti ngapi za entropia ya kweli zilizomo katika kila biti 1024 zinazotoka kwenye kizalishi. Kerneli haina njia ya kuihakiki. Inamwamini mwandishi wa draiva neno kwa neno, na kwa kutumia namba hiyo inaamua kwamba hazina imejaa na kwamba sasa ni salama kutoa funguo. Ni kama mpima ubora anayekata sampuli ya korosho ghafi kabla ya mnada: mnunuzi haoni kilichomo ndani ya kila gunia, anaona kile kilichoandikwa kwenye karatasi, na analipa kwa kufuata karatasi.

Zamani, mwandishi akiiacha sehemu hiyo bila kitu, kerneli ilichukulia kwamba ubora haujulikani na haikuhesabu chochote. Tangu toleo la 6.2 maana imegeuka: sifuri inachukuliwa kuwa ubora wa juu kabisa, 1024. Kwa hiyo mwandishi anayenakili draiva ya zamani na kuacha sehemu hiyo tupu anatangaza, bila kuandika herufi moja, kwamba kila biti inayotoka kwenye chipu yake ni nasibu kikamilifu. Ninawaomba wote wanaoandika draiva msiikubali hali hiyo kimyakimya. Andikeni namba, na muwe na vipimo vya kuitetea.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

Mchangiaji wa Masasi

Mkuu, ahsante kwa uzi wenye maelezo ya kutosha. Nina shaka moja ambayo naomba uifafanue. Nilivyoelewa, kerneli mpya inajitengenezea entropia yenyewe kwa kupima kuyumba kwa muda ndani ya prosesa, na `getrandom` haikwami tena wakati wa kuwaka. Kama ndivyo, kwa nini tuhangaike na draiva ya maunzi wakati programu peke yake inatosha?

Mwanzisha uzi (Mtwara Mjini)

Ndugu yangu wa Masasi, swali lako ni la msingi. Mwaka 2019 kulifanyika uboreshaji kwenye ext4 (mfumo wa faili wa Linux) uliopunguza kazi za diski wakati wa kuwaka, na kwa kuwa kazi hizo ndizo zilizokuwa zikileta entropia, baadhi ya kompyuta zikakwama kabla ya ukurasa wa kuingia, zikisubiri `getrandom`. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaongeza njia unayoitaja, nayo ikatoka na toleo la 5.4. Inafanya kazi kwa kulinganisha kihesabio cha mizunguko ya prosesa na kipima muda, na kuchukua ule utofauti mdogo usiotabirika kati yao.

Ila angalia sharti lake. Ilipotoka, njia hiyo ilianza kwa kusoma kihesabio mara mbili, na ikikuta hakijabadilika, iliacha hapohapo; matoleo ya baadaye yanakisoma mara nyingi zaidi kwanza, lakini nayo yanaacha yakikuta ni cha polepole mno. Kwenye prosesa kubwa ya kisasa, yenye akiba za ndani za ngazi nyingi na maagizo yanayokimbia bila kufuata foleni, kuyumba huko ni kwingi. Kwenye prosesa ndogo inayotekeleza agizo moja baada ya jingine, ambayo ndiyo iliyo kwenye vifaa vyetu vya bei nafuu, kihesabio kinaweza kuwa cha polepole au kisiwepo kabisa. Yaani vifaa vinavyohitaji msaada zaidi ndivyo vinavyoupata kidogo zaidi kutoka kwenye njia hiyo. Sisemi iachwe. Ninasema pale ambapo chipu ina kizalishi, draiva iandikwe, na vyanzo vyote viwili vimiminwe kwenye hazina moja.

Mchangiaji wa Lindi Mjini

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi natumia Raspberry Pi 4 kwa kazi za kusoma vipimo vya visima. Ninaandaa kadi moja ya kumbukumbu, nikimaliza kuipanga naikopi kwenye kadi nyingine zote kisha nazisambaza vijijini. Je, bodi hii ina draiva tayari? Na je, kuna hatari yoyote katika hii njia ya kukopi kadi?

Mwanzisha uzi (Mtwara Mjini)

Kaka wa Lindi, kwa upande wa draiva uko salama. Raspberry Pi 4 inatumia `iproc-rng200`, nami ningependa kila anayejifunza aisome, kwa sababu ni fupi na inaonyesha tabia ninayoisisitiza. Kabla ya kuchukua data, inakagua rejista ya hali. Ikikuta kizalishi chenyewe kimeripoti kwamba kimeshindwa majaribio yake ya ndani, draiva inakiwasha upya. Ikishindikana tena ndani ya usomaji huohuo, inarudisha zile baiti ilizokwisha kuzipata na kuacha. Kama hakuna kinachokuja kwa muda wa sekunde moja, inaacha pia. Haijazi nafasi kwa kitu kingine ili ionekane imekamilisha agizo.

Kuhusu kukopi kadi, hatari ipo, na ni kubwa kuliko ya draiva. Kadi uliyoitumia hata mara moja ina funguo za SSH (za kuitambulisha mashine inapoingiwa kwa mbali) zilizokwisha kutengenezwa, kwenye `/etc/ssh`, ina kitambulisho cha mashine kwenye `/etc/machine-id`, na ina faili la mbegu (namba nasibu zilizohifadhiwa kwa ajili ya kuwaka kunakofuata) kwenye `/var/lib/systemd/random-seed`. Ukizikopi, visima vyako vyote vina ufunguo mmoja, na anayepata kadi moja amepata zote. Kizalishi cha maunzi hakiwezi kukuokoa hapo, kwa kuwa ufunguo haukutengenezwa upya, umenakiliwa. Kabla ya kukopi, futa funguo hizo na faili la mbegu, na uache faili la kitambulisho likiwa tupu, kisha hakikisha kwamba funguo mpya zinatengenezwa kifaa kinapowaka kwa mara ya kwanza, baada ya kerneli kuandika kwenye kumbukumbu zake kwamba `crng init done`, yaani hazina iko tayari. Kuhusu mbegu, systemd (programu inayoanzisha huduma za mfumo) kwa kawaida inaichanganya kwenye hazina bila kuihesabu kuwa entropia, kwa sababu hiyohiyo kwamba huenda imenakiliwa.

Mwalimu wa Newala

Ndugu mwanzisha uzi, nakupongeza, na ningependa kuongeza upande wa kuamini na kutoamini. Maunzi ni kisanduku kilichofungwa. Intel walipoleta agizo la RDRAND kwenye prosesa za mwaka 2012, wataalamu wengi waliuliza tutajuaje kwamba namba hizo si za kutungwa. Mwaka 2013 watengenezaji wa FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, waliamua kwamba namba za vizalishi vya ndani ya prosesa zisipelekwe moja kwa moja kwa programu, zipitie kwanza kwenye mchanganyiko wa kerneli. Linux nayo, kuanzia toleo la 4.19, inampa msimamizi uamuzi wa kuihesabu RDRAND au kutoihesabu wakati wa kuwaka, kwa kutumia `random.trust_cpu`.

Na haihitaji hata mtu mwenye nia mbaya. Mwaka 2019 prosesa za Ryzen 3000 zilipoingia sokoni, RDRAND yake ilikuwa ikirudisha 0xFFFFFFFF kila mara, yaani moja tupu kwenye biti zote, huku ikiripoti kwamba imefaulu. Baadhi ya mifumo ilishindwa kuwaka kwa sababu hiyo, mpaka programu ya ndani ya bodi iliporekebishwa. Ninachowaambia wanafunzi wangu ni kwamba alama ya kufaulu inayotoka kwenye maunzi ni taarifa tu, na taarifa inahitaji kuthibitishwa. Je, hukubaliani nami kwamba draiva inapaswa kuwa na jaribio lake yenyewe?

Mwanzisha uzi (Mtwara Mjini)

Mwalimu wangu, nakubaliana nawe, na shikamoo. Mchanganyiko unatusaidia kwa kiasi kikubwa: chanzo kibovu kikimiminwa kwenye hazina ambayo tayari ina entropia nzuri, hakiipunguzi. Lakini msaada huo unaishia kwenye hesabu. Kama hazina ilikuwa tupu, na draiva ikatangaza ubora wa 1024 huku chipu ikitoa moja tupu, kerneli itaona imepokea biti 256 inazozihitaji, itatangaza kwamba iko tayari, na programu zitaanza kutengeneza funguo juu ya kitu kisicho na siri yoyote. Tangu toleo la 5.6 `/dev/random` haisubiri tena baada ya hatua hiyo ya mwanzo, kwa hiyo uongo wa mwanzo hauna mahali pengine pa kugunduliwa.

Majaribio yanayofaa ndani ya draiva ni mepesi. Kiwango cha SP 800-90B cha NIST (taasisi ya viwango ya Marekani) kinataka mawili: la kwanza linahesabu thamani ileile imejirudia mara ngapi mfululizo, la pili linaangalia kama ndani ya dirisha la sampuli thamani moja imezidi mno. Kwa chanzo cha biti mojamoja chenye entropia kamili, na uwezekano wa kengele ya uongo wa moja kwa takriban milioni moja, mfululizo wa biti 21 zilizo sawa unatosha kusimamisha kazi. Majaribio hayo yangeikamata ile hali ya moja tupu mara moja. Gharama yake ni mistari michache.

Mchangiaji wa Nachingwea

Samahani kaka mwanzisha uzi, nami nina swali, tena langu ni la vitendo. Nimetengeneza sakiti ya transista iliyopewa umeme kinyume, kelele zake nazikuza na kuzisoma kwa chipu ndogo ya STM32F4, ambayo inazituma kwenye kompyuta ya bodi kwa waya wa serio (serial, biti moja baada ya nyingine). Nimekusanya data nyingi na nimeona kwamba biti za moja ni takriban asilimia 60, sifuri ni asilimia 40. Nikipitisha kwenye SHA-256 (kanuni inayosaga data kuwa biti 256 zinazoonekana nasibu) kabla ya kutuma, programu ya majaribio ya `rngtest` inasema kila kitu ni kizuri. Je, niandike `quality` ngapi kwenye draiva?

Mwanzisha uzi (Mtwara Mjini)

Dada wa Nachingwea, umefanya kazi ya kuheshimika, na swali lako ndilo nililotamani mtu aulize.

Kwanza tuiweke `rngtest` mahali pake. Inagawa data katika vipande vya biti 20,000 na kukagua mambo machache ya takwimu, kwa mfano kwamba idadi ya moja iko kati ya 9,725 na 10,275, na kwamba hakuna mfululizo wa biti 26 zilizo sawa. Data yako ghafi isingepita jaribio la kwanza, maana ingekuwa na moja takriban 12,000. Lakini ukichukua kihesabio cha kawaida, 1, 2, 3, ukakipitisha kwenye SHA-256, nacho kitapita vizuri, ilhali mtu yeyote anaweza kuhesabu pamoja nawe. Kwa hiyo matokeo baada ya SHA-256 yanakueleza uzuri wa SHA-256. Kipimo cha entropia kinafanywa kwenye biti ghafi, kabla ya kuguswa na chochote.

Pili, hesabu. Kinachotafutwa ni ugumu wa kukisia kwa mshambuliaji anayechagua kila mara jibu lenye uwezekano mkubwa. Moja ina uwezekano wa 0.6, na logi ya 0.6 kwa kizio cha 2 ni takriban −0.737, kwa hiyo kila biti yako ina entropia ya biti 0.737. Zidisha kwa 1024, unapata takriban 754. Hiyo ndiyo dari, si makadirio. Inatimia tu kama kila biti haitegemei iliyotangulia, na sakiti iliyokuzwa kisha ikasomwa kwa haraka kuliko inavyoweza kubadilika huwa na biti zinazofuatana kwa mkumbo. Pima uhusiano kati ya biti na jirani yake, na jirani wa jirani. Kama upo, punguza kasi ya kusoma mpaka upotee, kisha upime tena. SP 800-90B inataka sampuli ghafi zisizopungua 1,000,000 za mfululizo, pamoja na sampuli 1,000 baada ya kila kuwasha upya, kuwasha huko kukirudiwa mara 1,000. Hicho cha kuwasha upya usikiruke, kwa sababu kifaa chako kitaishi kwenye mazingira ya umeme unaokatika na kurudi, na swali letu lote linahusu sekunde za mwanzo.

Pima pia kwenye joto tofauti. Kelele za transista na kizingiti cha kikuzaji hubadilika kwa joto, na bodi iliyo chini ya bati la ghala saa nane mchana wa Novemba haiko katika hali ya bodi iliyo mezani kwako alfajiri. Ile asilimia 60 inaweza kuwa 70 huko, na dari ikashuka hadi takriban 527. Chukua namba ya hali mbaya kuliko zote ulizoziona, kisha uishushe zaidi.

Ukitaka kuondoa upendeleo wa moja, njia ya von Neumann ya mwaka 1951 bado inafaa: soma biti mbilimbili, 01 itoe 0, 10 itoe 1, na 00 na 11 zitupwe. Kwa data yako utabaki na takriban biti 240 kutoka kila biti 1,000. Ni hasara kubwa ya kasi, lakini kwa mizani inayohitaji biti 256 ili ianze, kasi haina umuhimu wowote. Njia hiyo nayo inadai biti zisizotegemeana. Haitibu ule mkumbo.

Na angalia kama STM32F4 yako ina kizalishi chake cha ndani, maana nyingi za familia hiyo zinacho lakini si zote. Kina alama mbili za makosa kwenye rejista ya hali: moja ya saa, nyingine ya mbegu, inayowaka kikiona biti zaidi ya 64 zilizo sawa mfululizo au kubadilishana kwa 0 na 1 zaidi ya mara 32 mfululizo. Changanya chanzo hicho na chako, na ukitangaze kile ambacho umekipima wewe tu.

Mchangiaji wa Nachingwea

Nimeelewa, ahsante sana kaka. Basi nitarudi kwenye biti ghafi. Swali la mwisho: je, ni lazima niandike draiva ya kerneli, au programu ya kawaida inayosoma waya wa serio inatosha?

Mwanzisha uzi (Mtwara Mjini)

Kwa kuanzia programu ya kawaida inatosha, dada. Ila fahamu kwamba kuandika tu kwenye `/dev/random` kunachanganya data bila kuihesabu. Ili ihesabiwe, programu inapaswa kutumia wito wa `RNDADDENTROPY`, ikiwa na ruhusa ya msimamizi, na humo unataja idadi ya biti unazozidai. Ni tamko lilelile la ubora, limehamia mahali pengine.

Udhaifu wa njia hiyo ni wakati. Programu inaanza baada ya mfumo kuwaka kwa kiasi fulani, na huenda huduma nyingine imeshaomba ufunguo. Draiva ya kerneli, ikitumia `serdev` kwa vifaa vya waya wa serio, inaweza kuanza mapema zaidi, na inapata usimamizi wa kiini cha `hw_random` bila gharama, ikiwemo kukabiliana na kifaa kinachochomolewa katikati ya usomaji. Ukifika hatua ya kuituma kwa watunzaji wa kerneli, pitisha kiraka chako kwenye `checkpatch.pl`, tumia `get_maintainer.pl` kujua kiende kwa nani, na uandike maelezo ya kifaa kwa YAML kwenye `Documentation/devicetree/bindings/rng`. Watakuuliza namba ya `quality` umeipataje. Weka jibu kwenye ujumbe wa kiraka chenyewe: sampuli ngapi, joto gani, makadirio ya chini kabisa yalikuwa mangapi.

Mchangiaji wa Nachingwea

Nitaanza na kipimo cha kuwasha upya, kwa sababu sikukifanya kabisa. Nitaunganisha relei ili bodi ijizime na kujiwasha yenyewe, usiku na mchana, na faili la biti ghafi nitaliweka hapahapa kwenye uzi kabla sijaandika namba yoyote kwenye draiva, ili mwalimu wa Newala na wengine mlipime wenyewe.